Fedha ya Siam na muhuri ambao wenyeji hawakuweza kuueleza

Oktoba 2025 bei ya madini ya fedha ilivuka dola 50 kwa aunsi na kuipita rekodi iliyosimama tangu Januari 1980. Tangu hapo nimesikia hoja moja ikirudiwa na wauza vito, wakusanya sarafu za kale na walimu wa uwekezaji wa kwenye simu: pesa ya kweli ni ile iliyobeba thamani yake tumboni, noti na tarakimu za benki ni ahadi ya serikali, na ahadi huvunjwa. Wakidaiwa ushahidi huonyesha sarafu za kale, na mojawapo ya zinazopendwa ni zile punje nene za fedha za Siam, nchi tunayoiita Thailand leo, ambazo wageni kutoka Ulaya walizipa jina la pesa za risasi kwa sababu ya umbo lake. Punje inawekwa kwenye mizani, gramu zinazidishwa kwa bei ya siku, hesabu inatoka nzuri, na somo linaishia hapo: wazee walijua, hawakuhitaji serikali.

Somo hilo silikubali, na silikubali kwa ushahidi wa punje hizohizo. Historia ya fedha ya Siam inaonyesha kwamba madini peke yake hayakutosha kuwa pesa katika ufalme ule. Kilichoyageuza kuwa pesa ni alama ndogo za kifalme zilizopigwa juu yake, ambazo leo mnunuzi wa madini hata hazitazami. Ila nisikimbilie upande wa pili pia, kwa sababu siku muhuri wa mfalme ulipoachwa usimame peke yake, bila umbo na mazoea ambayo watu walikuwa wameyaamini kwa karne nyingi, nao ulisuasua. Atakayechagua upande mmoja kati ya madini na muhuri atakuwa amekisoma kisa hiki nusu.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kunaswa na hoja ya madini. Kwetu neno fedha ni kikuku cha mkononi, na ni bajeti ya taifa pia. Wizara ya Fedha haishughuliki na masonara, lakini hakuna anayeshangazwa na jina lake. Kithai nacho kiko vivyo hivyo: neno ngoen ni madini meupe na ni pesa ya kununulia mchele. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimefika mahali pamoja, kwa kuwa katika bandari za Bahari ya Hindi na za mashariki yake fedha ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa biashara kubwa ilipofanyika. Neno likishabeba maana mbili, akili huona kitu kimoja. Kwa hiyo katika makala haya fedha itakuwa madini, na pesa itakuwa kile kinachopokelewa sokoni bila maswali. Ubishi wote uko katika nafasi iliyopo kati ya hayo mawili.

Kwanza kitu chenyewe. Wathai huiita photduang, yaani funza aliyejikunja, na jina hili linaieleza vizuri kuliko lile la risasi. Fedha iliyeyushwa, ikasubiwa kuwa kipande kifupi kinene, kisha mfuaji akakipiga kwa nyundo na kuvikunja vichwa vyake viwili kwa ndani mpaka vikakutana kama miguu ya mtu aliyejikunyata. Uzito wa msingi ulikuwa baht, gramu 15 na kidogo. Robo yake ni salueng, thumuni yake ni fuang. Baht 4 hufanya tamlueng, na tamlueng 20 hufanya chang. Chenji ya sokoni ilikuwa kauri zilizoletwa kwa merikebu, hasa kutoka visiwa vya Maldivi, na kwa hesabu ya kawaida kauri 6,400 zilikuwa baht moja. Jambo moja la ufundi lisipite hivi hivi. Kwenye miguu ya photduang za enzi ya ufalme wa Ayutthaya, uliotangulia ule wa Bangkok, kuna mkato wa patasi uliomruhusu mpokeaji achungulie ndani na kuhakikisha kwamba fedha haikufunika shaba au madini ya risasi. Kadiri miaka ilivyokwenda mkato huo ukapungua, na kwenye photduang zilizofuliwa Bangkok baada ya 1782 haupo tena. Huko kupungua kwa mkato ni historia nzima ya imani ya watu, imeandikwa kwa patasi: mwanzoni pesa ilisema nikague, mwishoni ikasema nitazame usoni tu. Na usoni palikuwa na muhuri.

Kuna hoja dhaifu ambayo nataka niiondoe njiani mapema, kwa sababu inaharibu mazungumzo kabla hayajaanza. Inasema kwamba umbo hili ni dalili ya uchanga wa akili: Wasiam hawakujua kutengeneza sarafu bapa mpaka Wazungu walipowafundisha katika karne ya 19. Si kweli hata kidogo. Katika bonde la mto Chao Phraya sarafu bapa za fedha zilikuwepo karne nyingi kabla ya ufalme wowote wa Wathai. Wamon wa Dvaravati, ambao ustawi wao uliendelea takriban kuanzia karne ya 6 hadi ya 11, walipiga sarafu za fedha zenye kombe la baragumu, chungu kilichojaa, ng'ombe na ndama wake, na alama ya srivatsa, nembo ya heri na neema ya kifalme kutoka India. Mbili kati yake zilizopatikana Nakhon Pathom zina maandishi ya Kisanskriti ambayo mtaalamu Mfaransa George Coedès aliyasoma kuwa yanataja tendo la thawabu la bwana wa Dvaravati. Kabla ya hapo, na sambamba nazo, sarafu zenye jua linalochomoza zilisambaa kutoka Burma hadi delta ya Mekong, na nyingine zimekutwa zimekatwa vipande vipande kwa ajili ya malipo madogo. Photduang basi ilikuja baada ya sarafu bapa. Watu waliochagua kukunja fedha walikuwa wanaishi juu ya ardhi iliyokuwa na sarafu bapa tangu zamani, na walikuwa na sababu zao: punje nene iliyokunjwa ni ngumu kuikwangua pembeni bila kugundulika, haihitaji mashine, na mkunjo pamoja na mkato huonyesha moyo wa madini.

Hizo sarafu za Dvaravati zinanilazimu pia niwe mkweli kuhusu neno Siam. Wakusanyaji huzipanga mwanzoni mwa albamu za sarafu za kale za Siam, ilhali waliozipiga walikuwa Wamon, si Wasiam. Na ile ya thawabu ya mfalme inafungua swali gumu zaidi: je, ilikuwa pesa ya soko kweli? Sarafu inayotangaza thawabu inaweza kuwa ilipigwa iwekwe wakfu mahali patakatifu, iungane na msingi wa jengo, isipite mikononi mwa wauza samaki. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito. Tangu hatua ya kwanza tunayoweza kuiona, fedha iliyopigwa chapa katika bonde lile ilikuwa imefungamana na mfalme na dini kwa pamoja, na anayeitazama kwa jicho la bei ya kilo anakosa sababu iliyofanya ipigwe chapa.

Wathai wenyewe wanaingia na ufalme wa Sukhothai, karne ya 13. Maandishi ya jiwe ya Mfalme Ramkhamhaeng, yenye tarehe ya 1292, yanasifu uhuru wa biashara kwa maneno mepesi: anayetaka kufanya biashara ya tembo na afanye, ya farasi na afanye, ya fedha na dhahabu na afanye. Wapo wanazuoni waliotilia shaka umri wa jiwe hilo, na ubishi wao haujazimika kabisa, ingawa UNESCO iliiweka kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 2003. Lakini photduang za mtindo wa Sukhothai zinalingana na sentensi hiyo. Ni kubwa, zina tundu katikati, madini yake hutofautiana, na alama zake ni nyingi na hazina mpangilio: tembo, ng'ombe, sungura, kombe, gurudumu. Zinaonekana kama kazi ya mafundi na wafanyabiashara wengi, kila mmoja na chapa yake. Hapa mtetezi wa madini ana haki ya kusema: tazama, pesa bila mfalme. Nakubali kwamba ilikuwepo. Namwomba tu atazame na kilichofuata, kwamba pesa yenye wadhamini wengi ilikuwa ya viwango vingi, na kwamba ufalme uliorithi eneo hilo ulijitwalia kazi ya kufua ukaipunguza hadi mizani moja na chapa chache.

Ufalme huo ni Ayutthaya, ulioanzishwa 1351 na kuangushwa na majeshi ya Burma 1767. Ukitaka kuelewa kwa nini mfalme wake aliing'ang'ania fedha, uliza fedha ilitoka wapi, kwa maana sehemu kubwa haikuchimbwa katika ardhi yake. Ililetwa na biashara. Katika karne ya 17 Ayutthaya iliuza ngozi za paa na mti wa msapani huko Japani, kwanza kwa merikebu za Wajapani wenyewe na baadaye kupitia Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, na fedha ya Japani ikateremka kwenye gati za mji mkuu. Nyingine ilitoka Uchina, nyingine ilichimbwa Amerika na kupitia Manila. Mfalme Prasat Thong, aliyetawala 1629 hadi 1656, aliibana biashara hiyo mikononi mwa ghala za kifalme. Kwa hiyo fedha iliyofika Siam ilifika ikiwa ya kigeni, ikiwa na alama za wengine au bila alama, ya usafi tofauti tofauti. Haikuwa pesa ya Siam. Iligeuka pesa ya Siam ilipoyeyushwa katika tanuri la mfalme na kutoka ikiwa na uzito aliouamua yeye na chapa aliyoiamua yeye. Tukio hilo la kuyeyusha na kupiga chapa ndilo kitendo cha kisiasa ambacho mizani ya muuza vito haiwezi kukipima.

Sasa nimpe mtetezi wa madini nafasi yake kamili, maana hoja yake bora ni nzuri kweli. Atasema: jina la pesa yenyewe ni uzito. Baht ni kipimo kabla ya kuwa sarafu. Uzito huo ulitunzwa kwa namna ya kustaajabisha tangu Ayutthaya hadi Bangkok, kupitia vita, kuanguka kwa mji mkuu na kubadilika kwa nasaba, na usafi wa fedha ulibaki juu. Wafalme wa Ulaya wa karne hizohizo walipunguza fedha ndani ya sarafu zao kila vita vilipowakaba. Wa Siam kwa sehemu kubwa hawakufanya hivyo. Kama chapa ndiyo iliyoleta thamani, wangeweza kupiga chapa shaba na kupumzika. Hawakuthubutu, kwa sababu walijua watu wanashika madini, hawashiki picha. Hoja hii siwezi kuibeza. Inathibitisha kwamba muhuri wa mfalme ulikuwa na masharti, kwamba raia alikuwa na njia ya kumhukumu mfalme kwa mizani. Lakini isome tena polepole. Inachosifu ni uaminifu wa mfalme mmoja baada ya mwingine kwa kipimo kimoja, na uaminifu ni tabia ya mamlaka. Madini hayana tabia hiyo. Fedha haijui kujipima.

Alama zenyewe ndizo zilizonivutia kwenye jambo hili tangu mwanzo, na hapa nitakaa kidogo. Kwenye photduang za nasaba ya Chakri, iliyoanza 1782 na inayotawala hadi leo, kuna chapa mbili kuu. Ya kwanza ni chakra, gurudumu lenye ndimi za moto au makali, silaha ya mungu Vishnu ambaye Wathai humwita Narai. Gurudumu lilikuwepo kwenye fedha ya Ayutthaya pia, na wafalme wa kule walikuwa na njia mbili za kulisoma: kama gurudumu la sheria ya Buddha, au kama silaha ya Vishnu, ambaye Rama wa Ayodhya ni umbile lake, na jina la Ayutthaya limetoka Ayodhya. Mfalme wa Siam alikuwa hayo mawili kwa pamoja, mtawala wa haki kwa mizani ya Kibuddha na mungu mwenye silaha kwa mizani ya Kihindu iliyopitia Kambodia. Mwanzilishi wa nasaba mpya alikuwa na cheo cha Chakri kabla ya kushika kiti, kwa hiyo gurudumu lilimfaa mara tatu: lilikuwa dini, lilikuwa dola, na lilikuwa jina lake la kazi.

Chapa ya pili ni ya mfalme aliyeko; wafalme wa nasaba hii huhesabiwa kwa jina la Rama. Rama wa Pili ana garuda, ndege wa Vishnu. Rama wa Tatu ana kasri. Rama wa Nne ana taji. Rama wa Tano ana taji dogo la kilemba cha nywele. Anayetazama haraka atadhani ni nembo za utukufu tu, kama simba na tai wa Ulaya. Kumbe ni majina. Rama wa Pili aliitwa Chim, na chimphli ni makao ya garuda. Rama wa Tatu aliitwa Thap, neno lenye maana ya makazi, ndiyo kasri. Rama wa Nne aliitwa Mongkut, yaani taji. Rama wa Tano aliitwa Chulalongkorn, yaani pambo la kilemba cha nywele. Mfalme alitia sahihi yake kwenye pesa kwa fumbo la picha, katika nchi ambayo jina la mfalme aliye hai halikutajwa ovyo. Mwiko huo ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walizitaja tawala kwa mpangilio tu, wa kwanza na wa kati, mpaka Rama wa Tatu akaona kwamba kwa hesabu hiyo wake ungeitwa wa mwisho, jambo la nuksi. Akaamuru babu yake na baba yake watajwe kwa majina ya sanamu za Buddha zilizotengenezwa kwa heshima yao. Kwa hiyo mahali ambapo ulimi ulikatazwa, pesa ilisema. Sura ya mfalme haikuwepo na isingewezekana. Ilikuja kuonekana kwenye sarafu za Siam katikati ya miaka ya 1870 tu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hapaswi kuona ugeni katika hilo. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao na sifa za Mungu kwa vina, bila sura ya mtu. Sayyid Barghash alipotoa pesa za shaba za Zanzibar mwaka 1882, upande mmoja uliandikwa jina lake na upande wa pili ulichorwa mizani. Sijui kama kuna picha inayosema waziwazi kuliko ile kazi ya mtawala juu ya pesa.

Hapa wale wa upande wa muhuri hufurahi kupita kiasi, na inabidi nao nibishane nao. Husema Wasiam walipokea photduang kwa sababu walimwona mfalme kuwa mungu, wakaziogopa alama zake. Simon de la Loubère, balozi wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliyefika Ayutthaya 1687, aliieleza pesa hii kwa uangalifu katika kitabu chake cha 1691: vipande vya umbo moja, vikubwa na vidogo, vyenye chapa mbili kando kwa kando. Kisha akasema kwamba chapa hizo hazikufanana na chochote alichokijua, na kwamba wenyeji hawakuweza kumweleza maana yake. Fikiria uzito wa maneno hayo. Watu waliotumia pesa hiyo kila siku hawakuweza kuusoma muhuri wake, au hawakutaka kumsomea mgeni. Vyovyote vile, pesa ilipita. Mkulima aliyeuza mpunga hakuwa akitafakari Vishnu. Alitazama kama chapa ipo, kama ni ileile aliyoizoea, kama imekaa mahali pake. Alama ilimfanyia kazi bila kueleweka, jinsi muhuri wa kiwanda kwenye mfuko wa simenti unavyotufanyia kazi sisi. Fumbo la jina lilikuwa la watu wa ikulu. Dhamana ilikuwa ya soko.

Jaribio la kweli la hoja zote mbili lilikuja baada ya Aprili 1855, Siam ilipotia saini mkataba na Sir John Bowring wa Uingereza na bandari ya Bangkok ikafunguka. Merikebu za kigeni zikaja na dola za fedha za Meksiko, wakati huo pesa inayokubalika kuliko zote katika bahari za mashariki. Kama madini ndiyo pesa, dola hizo zingepokelewa kwa mikono miwili, maana zilikuwa fedha nzuri na nzito. Wasiam hawakuzitaka. Wafanyabiashara ikawabidi wazipeleke kwenye karakana ya kifalme zibadilishwe kuwa photduang, na karakana, yenye matanuri 10 na nyundo za mkono, ilitoa vipande kama 2,400 kwa siku. Mzigo ukaishinda, biashara ya taifa zima ikasubiri nyundo. Nikisoma habari hii namwona mtetezi wa madini akiwa amesimama gatini na kifua kilichojaa fedha safi, hawezi kununua gunia la mchele.

Mfalme Mongkut akajaribu dawa iliyo dhahiri. Aliamuru dola zipigwe chapa ya chakra na taji na zipokelewe, dola 3 kwa baht 5. Kwa nadharia ya muhuri mtupu, tatizo lilipaswa kuisha siku hiyohiyo: fedha ipo, mfalme amesema, chapa ni ileile. Watu bado walisita. Ilikuwa chapa ya mfalme wao juu ya mgongo wa tai wa Meksiko, juu ya umbo lisilo la kwao, kwa kiwango cha kubadilisha kinachoumiza kichwa. Ndiyo maana nilisema mapema kwamba muhuri peke yake nao haukutosha. Ulihitaji mwili wake: umbo, uzito unaogawanyika kirahisi, mkono uliozoea. Suluhisho la kudumu lilikuja kwa mashine. Malkia Victoria alituma ya mkono kama zawadi, kisha ikaletwa ya mvuke kutoka Birmingham, na 1860 kikaanza kiwanda ndani ya kasri kuu. Tazama kilichopigwa kwenye sarafu bapa hizo mpya: upande mmoja taji la Mongkut katikati ya miavuli ya kifalme, upande mwingine tembo ndani ya chakra. Umbo la kigeni lilivishwa kila alama ambayo photduang ilibeba, zikiwa kubwa zaidi na wazi zaidi, na uzito ukabaki ule wa baht. Mongkut alijifunza kutokana na dola zilizokataliwa. (Na miavuli ile isitupite sisi wa pwani: watu wa Vasco da Gama walipomkuta mfalme wa Malindi mwaka 1498, walimwona ameketi chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, siwa zikipigwa. Ishara za enzi zilisafiri bahari moja.)

Kuna pingamizi moja ambalo ningelitumia mimi mwenyewe kama ningekuwa upande wa madini, nalo linatoka nyumbani kwetu. Riale ya Maria Theresa ilitawala biashara ya Zanzibar, Bahari ya Shamu na Uhabeshi kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Ina sura ya malkia wa Austria aliyefariki 1780, na ilipigwa tena na tena kwa tarehe hiyohiyo, hata katika nchi ambazo hazikuwahi kuwa chini yake. Huyo si mfalme wa mtu yeyote hapa. Basi kilichopokelewa ni fedha tupu, sivyo? Nilikuwa nikiamini hivyo. Lakini wapokeaji wa riale katika Uhabeshi na Arabuni walijulikana kwa kuikagua sura ile kwa ukali: walihesabu lulu kwenye pambo la malkia, wakaikataa sarafu iliyosagika hata kama mizani iliikubali, na wakakataa riale za wafalme wengine zenye fedha ileile. Walishika muhuri kuliko walivyoshika madini. Ufalme ulikuwa umekufa na chapa bado ikifanya kazi, kwa sababu mazoea ya watu yaliibeba. Siam ilikuwa na mazoea hayo juu ya chapa ya mfalme aliye hai, basi.

Yaliyofuata yanapaswa kumtia wasiwasi anayenunua fedha leo kwa imani kwamba haimsaliti mtu. Kuanzia miaka ya 1870 mataifa makubwa yaliihama fedha na kushika dhahabu, na bei ya fedha ikaporomoka kwa miaka 30. Wakati wa mkataba wa Bowring pauni moja ya Uingereza ilikuwa kama baht 8. Kufikia 1902 zilihitajika takriban 20. Hakuna mfalme aliyeiba, uzito haukupungua, chapa ilikuwa safi. Thamani iliyokuwa tumboni ilivuja yenyewe, kwa maamuzi yaliyofanywa Berlin na kwingineko. Novemba 1902 Siam ikafunga mlango wa kubadilisha fedha kuwa sarafu na kuifungamanisha baht na dhahabu, na Oktoba 1904 Chulalongkorn akatangaza mwisho wa photduang kama pesa halali. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake kikaja kinyume chake: bei ya fedha ikapanda mno, sarafu zikawa na thamani zaidi zikiyeyushwa kuliko zikitumika, na serikali ikazuia zisisafirishwe nje na kupunguza fedha iliyokuwa ndani yake. Madini yakishuka, pesa inaumia. Yakipanda, pesa inatoroka kwenda tanurini.

Tanuri hilo ndilo linalonisumbua sasa. Kwa dola 50 kwa aunsi, photduang ya baht moja ina fedha ya zaidi ya dola 20, kiasi cha baht 700 na ushee za leo. Nilipokuwa mdogo nilisimama kwenye duka la sonara wakati vikuku vya bibi yangu vikipimwa. Fundi hakuvigeuza kutazama nakshi, alitaja gramu tu, na jioni ile havikuwepo tena. Vipande vidogo vya salueng na fuang, vilivyochakaa, ambavyo wakusanyaji hawavigombanii, ndivyo vitakavyotangulia, na hivyo ndivyo vilivyopita mikononi mwa watu wa kawaida. Kila kimoja kina chapa yake ya mkono, iliyokaa mahali tofauti kidogo na mwenzake, na kwa chapa hizo wachambuzi bado wanajaribu kupanga ni zipi za mfalme yupi wa Ayutthaya, kwa sababu nyaraka nyingi za ufalme ule ziliteketea na mji mwaka 1767. Anayeuza kwa gramu anauza ukurasa wa kumbukumbu ambayo haina nakala. Kwa hiyo ninachowaomba wenye maduka na wanunuzi, Bangkok au kwingineko, ni kitu kidogo sana: lenzi kabla ya mizani, na picha ya chapa zote mbili kabla ya moto.

Wakati huohuo, katika mtaa wa Yaowarat, kitovu cha maduka ya dhahabu ya Bangkok, wateja bado huingia na kuomba mkufu wa baht moja. Muuzaji hatafuti sarafu. Anaweka kwenye mizani gramu 15.16 za dhahabu, kisha anadai makumi ya maelfu ya baht, anayolipwa kwa simu.